Pesa Isiyo na Ukoo

Noah ya abiria ilipoacha lami pale Tengeru na kuanza kupanda kuelekea Nkoaranga, kijana wa kiti cha mbele yangu alikuwa bado anamweleza shangazi yake habari za bitcoin. Alitaka amuunge mkono kwenye kikao cha ukoo, ili auze kihamba, shamba la migomba la ukoo aliloachiwa na marehemu baba yake, anunue sarafu hizo.

"Aliyezianzisha ni nani?" shangazi akauliza.

"Hajulikani. Alitumia jina la bandia, akaeleza mpango wake mtandaoni, baada ya miaka michache akatoweka."

"Na kwao hakujulikani?"

"Hatumhitaji, shangazi. Kila muamala unatunzwa kwenye kompyuta maelfu duniani, hakuna wa kuufuta. Benki zenyewe zitakuja kufungwa."

Shangazi akageuka kutazama migomba. Na mimi nikaitazama, kwa sababu hela zangu ziko benki.

"Sasa Elirehema, ukifa, hizo zako tutazipataje?"

"Bila neno langu la siri hamzipati. Hata mimi nikilisahau, ndiyo basi." Alilisema hilo kwa fahari, kama fundi anayesifia kitasa.

"Basi tutakuzika nazo," shangazi akasema, akamwomba dereva asimame. "Ila sijui wapi. Kihamba utakuwa umeshakiuza, na kaburi la baba yako likiwa ndani."

Gari likasimama. Kijana akamshushia kapu, wakaingia migombani. Hakuna aliyesema kikao ni lini, na mimi nisingeweza kuuliza.