Kumchagulia Watiri Bunduki

Wahome alikamatwa nyuma ya hoteli ya Murugi akimlenga jogoo kwa ufagio. Alikuwa amepiga goti kwenye matope, mpini ameuelekeza kwa jogoo na nyuzi za ufagio zinamkwaruza shavu. Jicho la kulia, ambalo ndilo lilipaswa kulenga, amelifumba kabisa. La kushoto linatazama mlango wa jikoni. Mdomoni alikuwa akisema "pu! pu!" kama mtoto wa chekechea. Aliyemkuta ni Konstebo Simiyu, kijana wa Bungoma ambaye alikuwa ndiyo kwanza amehamishiwa Ihururu na bado alikuwa akiuliza njia ya kwenda mtoni. Simiyu alisimama akangoja jogoo apite, kisha akasema kwa adabu ya watu wa kwao:

— Mzee, ukilenga hivyo utaua Murugi.

Wahome aliinuka na kujipangusa goti. Masikio yalimwaka moto hata baridi ya Nyandarua ikashindwa kuyapoza. Aliona aibu kwa sababu alikuwa na jina la kulinda. Pale kijiweni aliitwa Serengeti. Miaka ya Emajensi, serikali ya mkoloni ikipigana na watu wa msituni na wenzake wakiwa huku, yeye alikuwa Tanganyika na wawindaji wa kizungu, akazunguka nao mpaka Mwanza na Arusha, na kabla ya hapo alikuwa mashamba ya ngano ya Timau. Hayo yote ni kweli. Ila alikuwa mpishi. Mkate aliuoka ndani ya debe, ukatoka mzuri kuliko wa mjini, lakini bunduki alizozijua ni zile alizoambiwa asiziwekee birika juu. Kijiweni hadithi ilikuwa imekua kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi sufuria zikageuka bunduki begani mwake. Na sasa mama mmoja alikuwa ameiamini.

Mama huyo ni Watiri, ambaye watu humwita Mama Gicheru, mjane ambaye shamba lake linapakana na msitu. Tumbili walikuwa wamemlia mahindi misimu miwili, tena kwa dharau, wakivunja bua na kuketi juu ya ua kutafuna huku wakimtazama. Alisumbua chifu, akasumbua polisi, mpaka akapewa ruhusa ya bunduki moja ndogo, ile watu wanaiita tuu-tuu, ya komeo la kuvuta kwa mkono. Kesho alikuwa anapanda basi kwenda Nairobi kuinunua, na Wahome ndiye aliyeombwa kwenda kumchagulia.

Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu juu ya mawe, mbele ya hoteli, mahali ambapo watu wanaolima kahawa mwaka mzima huja kunywa chai. Mathenge hukaa mwisho wa huku, karibu na mlango. Yeye ana kinu cha kusaga mahindi na anaitwa Posho. Nderitu hukaa mwisho wa kule, karibu na barabara, baiskeli ya mtu imepinduliwa mbele yake. Anaitwa Tairi. Katikati hukaa Moffat, anayezunguka na pikipiki ya chama cha maziwa akiwapandisha ng'ombe kwa sindano, na jina lake hapo ni Dume. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwaona Mathenge na Nderitu wameketi mwisho mmoja wa ubao. Watu walizoea, kama unavyozoea nguzo ya simu iliyoinama.

Simiyu alifika na Wahome, ufagio mkononi.

— Nani amepoteza bunduki? akauliza.

Kijiwe kikaanguka kicheko. Moffat alimwaga chai kwenye suruali.

— Serengeti! akasema Mathenge. Wewe si ulituambia ulibeba bunduki ya wazungu mpaka bega ikainama?

— Nilibeba.

— Sasa hii ufagio ni ya nini?

— Mkono inasahau, akasema Wahome. Nilikuwa naikumbusha.

— Na jicho? akauliza Simiyu. Jicho pia imesahau?

— Afande, wewe kunywa chai. Serengeti tulikuwa tunafumba hiyo ingine. Jua ya huko inatoka upande ingine.

Walicheka tena, na Wahome akacheka nao kwa sauti kubwa kuliko wote, maana ndivyo alivyofanya maisha yake yote: kikija cha kumwaibisha, anakuwa wa kwanza kukicheka. Lakini moyoni aliona lile basi la asubuhi. Alijiona amesimama dukani, Watiri pembeni ameshika kiondo, muuzaji anamuuliza, "Unataka ipi, mzee?" naye hajui hata upande wa kushika.

— Hakuna shida, akasema Moffat. Bunduki ni kama ng'ombe wa gredi. Unaanzia nyuma. Kitako ikiwa pana, imesimama sawa, hiyo haitasumbua kuzaa.

— Bunduki inazaa?

— Inazaa risasi, Posho. Halafu unauliza mama yake. Zile zimetoka Chekoslovakia ni damu safi. Nchi ya baridi inatoa chuma mzuri.

— Hapa pia ni baridi, akasema Mathenge, na hatujatoa hata kijiko.

— Hatujajaribu.

— Mimi, akasema Wahome, akiona nafasi ya kurudi juu, mimi nachagua na pua. Mtutu mzuri ukinusa unasikia harufu kama ya mvua. Mbaya inanuka sarafu. Na haifai uifikie na haraka. Bunduki inajua mtu mwenye wasiwasi. Kulikuwa na moja kule Ngorongoro, haikubali kupiga mnyama wa kike. Bwana anafyatua, inakohoa tu.

— Wacha!

— Haki. Mpaka tukaipeleka kwa fundi mhindi wa Arusha. Akaitazama, akasema hii haina ugonjwa, hii ina heshima.

— Sasa Mama Gicheru akipata hiyo ya heshima, akasema Simiyu, na tumbili wake wote ni wa kike?

— Atakuwa amelisha ukoo, akajibu Wahome.

— Tumbili nao wanajua mbao, Moffat akaongeza, hataki kuachwa nyuma. Niliona Mukurweini. Mtu alitoka na bunduki mbao yake haijapakwa mafuta. Tumbili walimwangalia, wakaendelea kula. Jirani akatoka na ile imepakwa, wakateremka wote, mikono juu.

— Mikono juu?

— Mmoja alikuwa amebeba mtoto. Huyo aliinua moja.

Nderitu peke yake hakucheka. Alikuwa anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Ilikuwa hivyo kila habari ya bunduki ilipoanza. Na Mathenge, ukimtazama vizuri, alikuwa akitupa mzaha wake kutoka mbali, kama mtu anayerusha jiwe bila kuingia shambani.

Watiri akatokea upande wa soko, gamubuti miguuni, kiondo mgongoni. Vicheko vikakatika. Murugi akatoka jikoni na kuuchukua ufagio wake bila kusema neno, na Wahome akamshukuru Mungu kwa hilo.

— Baba Wachuka, Watiri akamwambia Wahome, basi inatoka mapema. Uko tayari?

— Niko tayari kabisa, Mama Gicheru.

— Nimeuliza kwa sababu jana sikulala. Tumbili wakinilia msimu huu pia, nang'oa mahindi napanda miti, na watoto hawatakula mbao. Hii ruhusa nimeitafuta mpaka viatu vimeisha. Nikiuziwa kitu mbovu, sitapewa ingine. Sasa niambie hapa hapa, nisiende kama kipofu. Tukifika kwa duka, zimepangwa kwa ukuta, zote ni nyeusi, zote ni ndefu. Nitajuaje ile nzuri?

Kijiwe chote kikamgeukia Wahome. Ile habari ya pua ilimpanda mpaka kooni, na aibu ikairudisha.

— Unaangalia... akasema. Unaangalia ile inang'aa.

— Wachana na kung'aa.

Alikuwa Nderitu. Hakuinua kichwa, mikono bado iko kwenye gurudumu.

— Kung'aa ni rangi ya kuuzia, akasema. Vuta komeo mpaka nyuma, halafu uitikise na kidole. Ikicheza kama jino ya mzee, rudisha kwa ukuta. Irudi mbele bila kusukumwa na hasira. Komeo ndio roho yake. Hata ukitengeneza na ile ya mlango, lazima uchague yenye haiche...

Akakatiza. Lakini Watiri alikuwa amekwisha kuteremsha kiondo.

— Endelea, baba.

— Angalia mdomo ya mtutu, akasema Nderitu polepole. Pitisha kucha. Ikiwa na kovu hata ndogo, risasi inatoka ikiyumba.

— Na asikubali wamfyatulie ikiwa tupu, akasema Mathenge kutoka mwisho wa huku. Ilimtoka tu, kama kikohozi. Wale wa duka wanapenda kufyatua ndio usikie mlio. Hiyo ndogo, sindano yake haigongi risasi katikati. Inagonga ukingo. Ikikosa risasi inagonga chuma, na kila mara inakufa kidogo. Siku ya tumbili, unafyatua unapata kimya.

— Kweli, akasema Nderitu.

— Na ile ya kuvuta na kidole isitake nguvu. Ukihitaji nguvu, mtutu inahama.

— Mtutu pia isiguswe na mbao huko mbele. Mbao ikinywa maji inavimba, inausukuma.

— Upitishe karatasi katikati.

— Ama jani.

— Ama jani, ndio, akasema Mathenge. Jani inatosha. Ukiwa umelala chini na kuna umande, unachukua tu jani ya...

Sasa walikuwa wanatazamana. Mikono yao ilikuwa hewani, mmoja mwisho wa huku na mwingine mwisho wa kule, yote miwili ikivuta komeo lisilokuwepo, kwa mwendo uleule: juu, nyuma, mbele, chini. Moffat katikati yao aligeuza shingo kushoto na kulia, mdomo wazi. Hata Wahome alisahau aibu yake. Kwa mara ya kwanza tangu ubao ule uwekwe juu ya mawe, lilikuwa limesemwa jambo ambalo mtu angeweza kwenda nalo Nairobi.

Simiyu alifurahi waziwazi. Aligonga goti lake.

— Sasa hii ndio maneno! Mimi nilifundishwa upolisi Kiganjo na sikuambiwa hiyo ya jani. Wazee, nyinyi mlijifunzia wapi?

Mikono ya wale wawili ikashuka.

Nderitu alirudi kwenye gurudumu, lakini hakulizungusha. Mathenge aliangalia ndani ya kikombe kilichokwisha zamani. Moffat, ambaye miaka ile alikuwa mtoto wa shule ya misheni, alianza kukwangua tope kwenye kiatu. Ndani ya hoteli, Murugi aliacha kupanga vikombe.

Wahome alijua swali lile lilikuwa na majibu mawili tu pale Ihururu, na kila jibu lilikuwa na majina ya watu nyuma yake. Kuna waliojifunzia msituni, kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango. Kuna waliojifunzia kwenye kambi ya homugadi, wanamgambo wa mkoloni, kwa zile za serikali. Ukisema wapi, umesema ulikuwa unamlenga nani. Tangu Uhuru watu walikuwa wamekubaliana bila mkutano kwamba hakuna aliyejua kitu kuhusu bunduki, isipokuwa yeye, Wahome, ambaye hakuwepo. Ndiyo maana walimwacha abwabwaje miaka yote hiyo. Hawakuwa wamemwamini hata siku moja. Walikuwa wanamhitaji, kwa sababu bunduki ya Serengeti ndiyo pekee ambayo haikuwa na mtu mbele yake. Hilo lilimwingia sasa, na likamchoma kuliko ufagio.

Na mbele yao alisimama Watiri. Mumewe alitoka nyumbani jioni moja miaka ile, asirudi. Wengine walisema ni wa msituni waliomchukua, wengine wakasema ni wa kambi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuambiwa alianguka wapi.

— Nimeuliza vibaya? akasema Simiyu.

— Hapana, afande, akasema Wahome. Unajua, hapa kwetu mtu anazaliwa tu anajua. Hata mimi...

Hakuna aliyecheka. Mzaha ulianguka mbele yake kwenye vumbi na yeye mwenyewe akaona haya kuutazama.

Watiri alimtazama Nderitu kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Mathenge, kwa muda uleule. Sauti yake haikupanda.

— Nataka mmoja wenu aende na mimi kesho. Nderitu?

— Niko na baiskeli ya watu, akasema Nderitu, macho kwenye gurudumu.

— Mathenge?

— Kesho nasaga.

— Mnaweza kwenda wote wawili. Basi ni kubwa.

Nderitu alichukua spana, akaiweka chini, akaichukua tena.

Watiri aliupandisha mkanda wa kiondo kwenye paji la uso. Alimgeukia Simiyu.

— Afande, wewe umesikia yote wamesema?

— Nimesikia, mama. Komeo, mdomo ya mtutu, isifyatuliwe tupu, na jani.

— Unaweza kuja?

— Nitaomba ruhusa leo. Nikipata, utanikuta stendi.

— Asante, mwanangu.

Akaanza kuondoka. Wahome alimwona akienda, na akahisi kwamba wakimwacha afike ile kona hivyo, ubao ule hautakalika tena. Aliinuka, kofia mkononi, akamfuata hatua chache.

— Mama Gicheru. Na sisi? Sisi tukusaidie na nini?

Watiri hakusimama.

— Nyamazeni. Hiyo mnajua.