Shukrani za Bweni la Ndagala kuhusu Kitanda cha Mwana wa Mfalme

Mgeni rasmi, Mzee wetu Faruk Massoudi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi na muuza vitenge anayejulikana kutoka Cibitoke mpaka Musaga, Bwana Mkurugenzi, walimu wetu, wazazi, na nyinyi wapishi mliosimama mlangoni mkisubiri tumalize:

MAKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa Bweni la Ndagala tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tungekukaribisha na kwa wimbo, lakini wimbo wamekwisha kuuimba wenzetu wa Bweni la Sangala, na tunakuomba uwasamehe.

HISTORIA FUPI YA BWENI

Mabweni ya shule hii yana majina ya samaki wa ziwa letu. Sangala walipewa jengo kubwa. Sisi tulipewa jina la samaki mdogo, nasi tunalala kama yeye anavyolala sokoni: wengi, na kwa kupangwa. Ndiyo maana tuna sheria moja ya tangu zamani. Kitanda kimoja kikiachwa bila kutandikwa, bweni zima halinywi uji. Shuka livutwe, pembe zikunjwe chini ya godoro, mto upigwe mpaka ukae sawa. Wewe mwenyewe, mgeni rasmi, ulilala bwenini humu ujanani, na wazee wanasema (hatukuwauliza) kwamba enzi zako uji ulichelewa sana.

MAFANIKIO

Mwaka huu wenzetu wanne walishinda shindano la historia. Wewe, kwa wema wako, ukawachukua katika safari yako ya India ya kutafuta vitambaa, ukawapeleka kuona jumba la kale la wafalme wa Kimughal, ambalo sasa ni makumbusho. Waliona kuta za mawe mekundu, madirisha ya marumaru yaliyotobolewa matundu kama nyavu, na bustani ambayo maji yake hupita katikati ya ukumbi. Walikuona na wewe ukishika pazia la malkia kwa vidole viwili na kumwuliza mlinzi kama lipo la rangi nyingine.

Kisha mkafika chumba cha mwana wa mfalme. Nyuma ya kamba kulikuwa na kitanda chenye miguu ya fedha. Tandiko lake la hariri lilikuwa limeachwa ovyo, upande mmoja sakafuni, kama vile mwenyewe ameamka sasa hivi. Kiongozi wa wageni alieleza kwamba ndivyo makumbusho yanavyotaka kukionyesha. Bahati mbaya alieleza kwa Kiingereza, na sisi wa huku ni watu wa Kifaransa.

Hapo sauti moja ya mtu mzima, ambayo hatutaitaja, ilisikika ikisema: "Ee! Mutoto wa mufalme muzima anaacha kitanda hivi? We Vainqueur, si ndiye kiranja? Onyesha hawa watu namna kwetu tunafanya!"

Vainqueur Murhula, kiranja wetu, mtoto wa mtaa wa Kinama aliyelelewa vizuri, akiagizwa na mkubwa haulizi mara mbili. Alivua viatu, akavuka kamba, akavuta hariri, akakunja pembe. Alipopiga mto, vumbi la wafalme kadhaa liliruka, mlinzi akapiga chafya, na kengele ya hatari ikalia jumba zima.

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa utulivu wako saa ile. Walinzi walikukuta chumba cha pili, umeinama, unasoma habari za panga za vita kwa makini sana, ingawa miwani yako alikuwa ameishika mwenzetu Khadidja wa bweni la wasichana, tuliyemwomba akusomee risala hii.

Mama aliye mkuu wa makumbusho alikitazama kitanda, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha wafanyakazi wake wakahangaika mchana kutwa kukivuruga tena kifanane na picha.

CHANGAMOTO

Vyandarua vyetu vimetoboka. Bomba la bafu linatoa sauti tu. Lakini hayo tumeyazoea.

Changamoto yetu ni kwamba barua ya malalamiko ya wafanyakazi hao wa makumbusho ilifika hapa shuleni, na Bwana Mkurugenzi akamwita Vainqueur.

"Nani alikutuma?"

"Apana mutu, Monsieur le Directeur."

"Kwa hiyo ulijituma?"

"Nilikuta kitanda kibaya."

Usiku ule tulimwambia, "We, sema tu ukweli!" Akajibu, "Mzee ni mzee. Alitulipia safari, tena mi nimuweke mbele ya watu? Apana." Akageukia ukutani.

Leo mchana, baada ya chakula, kamati ya nidhamu itaamua kama Vainqueur aondolewe bwenini. Akiondolewa atarudi Kinama, katika chumba ambacho watu saba wanalala na taa ni moja, na mtihani wa taifa uko karibu. Wewe, mgeni rasmi, unakaa katika kamati hiyo.

MAOMBI

Sisi pia tumelelewa. Mtoto hamshitaki mkubwa, na hatujamshitaki mtu. Tumesoma risala, na katika risala mgeni hushukuriwa tu.

Hatuombi vyandarua. Tunaomba jambo moja ambalo halihitaji fundi. Tukishakaa, utapewa kipaza sauti, na Bwana Mkurugenzi atakuwa kushoto kwako, karibu kabisa. Vainqueur hakuruhusiwa kuingia ukumbini, lakini amesimama nje, chini ya dirisha la tatu, na dirisha tumelifungua.

Mungu akuzidishie umri, akubariki dukani na nyumbani, na akupe leo sauti ileile uliyokuwa nayo mbele ya kile kitanda.

Ni sisi watoto wako,
Bweni la Ndagala, tulio ndani na aliye nje.