Aliyehesabu Vifaru Mara Mbili

Kila jioni kabla ya chakula, marehemu alifungua sanduku la mchezo wake wa vita wa ubaoni akahesabu vifaru: kumi na vinne vya kijani, kumi na vinne vya kijivu. Kisha alihesabu tena, safari hii akiwatazama waliokuwa sebuleni mmoja mmoja. Hakuna kilichowahi kupotea.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa mshona viatu na mkunga. Alimaliza sekondari ya bweni mwaka 1970. Huko alikabidhiwa funguo za stoo, kwa kuwa ndiye pekee aliyerudi kukagua kufuli alilolifunga mwenyewe.

Mwaka 1973 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani. Kwa miaka thelathini na minane aliingia madukani na mawe yake ya kupimia, akisalimia kwa adabu huku macho yakiwa kwenye kidole gumba cha muuzaji, kisije kikakandamiza mizani. Wauza nyama walimwita Bwana Gumba.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1977 na mwalimu wa hisabati. Mkewe alizoea kukaguliwa, lakini mwaka 1994 naye akaingiwa na shaka. Kila Jumamosi mumewe alijifungia chumbani na rafiki yake, Fundi Saa, na mtu akiingia, daftari jeusi lilifunikwa haraka.

"Humo mna nini?"

"Sheria, mke wangu."

"Sheria gani hiyo ya kufichwa?"

Siku moja mkewe alilinyakua, akasoma: "Kifaru kilicho msituni hakionekani mpaka kipige au adui afike mraba wa jirani. Kikitoka peupe kikarudi msituni zamu hiyo hiyo, kimeonekana. Aliyekiona anaruhusiwa kupiga, halazimishwi." Chini palikuwa na tarehe na sahihi mbili. Kijitabu cha mchezo hakikueleza mambo hayo, na watu wazima hao walikuwa wamenuniana wiki tatu kwa sababu ya kifaru kimoja. Walificha kwa aibu. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 2003 marehemu alimfundisha mchezo huo binti yake pekee, aliyekuwa na miaka kumi. Alasiri moja mlango uligongwa, baba akainuka kwenda kufungua, na binti, ingawa haikuwa zamu yake, akakisukuma kifaru chake kutoka peupe hadi msituni. Akashinda kwa mara ya kwanza. Baba alimpa mkono: "Hongera, Kamanda." Ila kuanzia jioni ile ndipo alipoanza kuhesabu mara mbili, na kila macho yake yalipomfikia binti, huyu aligeuka kupanga sahani mezani.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika na ugonjwa wa figo. Wodini aligoma kupimwa uzito mpaka muuguzi aihamishe mizani kwenye sakafu iliyo sawa. Alifariki tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, wana wawili, binti mmoja, wajukuu watano, na Fundi Saa, aliyeomba atajwe kama ndugu. Alale salama, vyote vipo, vimehesabiwa.

Siku mbili kabla ya kifo chake, binti alikivuta kiti karibu na kitanda na kutoa swali alilolibeba miaka ishirini na mmoja: "Baba, siku ile uliniona?"

"Nilikuona kwenye kioo cha kabati, mwanangu. Sikutaka kupiga."