Bia Isiyo na Vumbi

Ubao wa Kiden, muuza kahawa, ulilazwa juu ya kreti nne za bia kando ya kontena la kuuzia simu, mtaa wa Hai Amarat, Juba, na Jumanne hiyo asubuhi ulibeba wataalamu watatu. Wa kwanza Crispus, Mkenya, mtu wa stoo katika hoteli ya ng'ambo ya barabara, aliyeitwa Forodha kwa sababu kila wiki mbili alishuka Nimule mpakani kupokea lori la bia ya Kifaru kutoka Kenya. Wa pili Lako, fundi wa matofali aliyekulia ukimbizini Uganda, jina la kijiweni Injinia. Wa tatu Semei, mlinzi wa benki, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia wodi. Sasa Kifaru ilikuwa imejengewa kiwanda papa hapa Juba, mabango kila kona, SASA INATENGENEZWA NYUMBANI, na Crispus hakuwa na usingizi. Bia ikipikwa nyumbani, nani atamtuma mtu Nimule? Saa nne mudiri wake, meneja wa hoteli Bwana Gaetano, angemwita ofisini.

— Ijumaa nilifungua kreti moja stoo, Crispus alisema. Nikaonja. Buda, hiyo si Kifaru! Mudiri amenunua za Juba kichinichini, akazichanganya na zangu.

— Ulijua aje? Semei aliuliza.

— Chupa zilikuwa safi! Bia ya Kenya inafika na vumbi jekundu mpaka kwenye kizibo. Hizi zinang'aa kama sahani ya harusi. Chupa safi itatoka wapi Juba hii, kama si kiwanda cha hapa?

Hoja ilipita bila kupingwa. Amarat nzima ilichagua bia hivyo: mteja anapitisha kidole shingoni mwa chupa, kikirudi chekundu, anatabasamu na kuomba glasi.

— Hata mimi nilikunywa ile Ijumaa, Lako alisema. Mbili tu! Kichwa yangu ilitembea peke yake. Ile ya Kenya mimi iko nakunywa sita, na Jumapili naenda kanisa Kator bila shida.

— Ni maji, Semei alisema kidaktari. Wanachota mtoni. Nile ikipita hapa bado ni changa. Inakomaa ikifika Khartoum.

— Hapana, Daktari. Ni barabara. Ya Kenya inatikiswa siku nne. Ile mashimo ya Nimule ndiyo inaipika. Ya Juba haijatikiswa, iko mbichi.

Crispus nusura amkumbatie Lako. Miaka miwili alikuwa amelaani mashimo yale, kumbe ndiyo yaliyokuwa yakimlisha.

— Kwa hivyo mimi ndiye mpishi!

— Wewe ni mwiko tu, Semei alimkata. Sikilizeni. Chachu ya huku ilizoea vita. Tangu mkataba wa amani usainiwe, imelegea. Haina kazi ya kufanya.

— Wallahi, Kiden aliguna akiinamisha jabana, birika lake la kahawa, juu ya kikombe, hata chachu mmeipeleka jeshini.

Mwanamke mmoja aliyevaa buti za mpira alikuwa ameketi mwisho wa ubao, akapewa kahawa. Alisema anaitwa Awino, mgeni mjini, wao waendelee. Crispus hakuhitaji kubembelezwa.

— Jana nimemwambia mudiri waziwazi: aliyeingiza uchafu huo stoo afukuzwe, hata kama ni ndugu yake! Akaniambia, sawa Crispus, nitamtafuta, kesho saa nne nitakuwa nimemjua.

— Umesema kiume, Lako alimsifu.

— Samahani, kaka zangu, Awino alisema. Hiyo bia ya Juba mlikunywa lini?

— Ijumaa!

— Ijumaa iliyopita? Mimi niko maabara pale kiwandani. Mitambo tumeiwasha jana. Chupa ya kwanza itatoka baada ya wiki tatu.

Lako alijishika kichwa, kilichokuwa kimeshapona.

— Sasa hiyo mbaya, Awino aliuliza, ililetwa na nani?

Crispus alianza kuhesabu siku kurudi nyuma. Alhamisi. Lori lililochanika turubai. Mvua kutoka Nimule hadi daraja la Juba, na yeye alivyolowa chapachapa, akatia sahihi karatasi ya mzigo upesi na kukimbia kubadilisha nguo, akiwaachia wapakuzi kreti zilizooshwa na Mungu mwenyewe.

— Mvua, alisema kwa sauti ndogo.

— Mvua ndiyo ilileta bia? Lako alishangaa.

Kiden alipindua jabana. Halikutoka hata tone. Ng'ambo ya barabara geti la hoteli lilifunguka, na Bwana Gaetano akatoka na karatasi mkononi, uso umejaa furaha.

— Crispus! Njoo bwana! Nimeona sahihi kwenye karatasi ya kupokea mzigo. Yule mtu wako nimempata!