Nukta za Mwalimu Harusi

Benchi la mtaa wa Shella lipo mbele kabisa ya mlango wa duka la Kanze, mtengenezaji wa kadi na mabango, hatua tatu kutoka kwenye komputa yake, na hiyo ndiyo balaa iliyomwandama. Mteja wa kadi ya harusi hawezi kuingia bila kupita mbele ya wanaume watatu wenye vikombe vya kahawa, na hao hawamwachi mtu apite bila ushauri. Yuko Abdulqadir, fundi cherehani, aitwaye Kadhi kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea hukumu. Yuko Kaingu, fundi wa pampu za maji, aitwaye Injinia. Na yuko Ziro, aitwaye Bando, kwa sababu tangu intaneti iingie Malindi hajawahi kununua bando lake mwenyewe. Wote watatu walifundishwa kusoma na Mwalimu Harusi, na Kanze naye akafundishwa baada yao. Jumamosi Mwalimu anaagwa shuleni baada ya miaka thelathini na minane, na benchi likajiundia kamati ya kumtengenezea bango kwa siri: picha yake ya mwaka wa kwanza wa kazi, akiwa na darasa lake, upana wa mita tatu. Leo ni Alhamisi, na Kanze ametoka nje na simu mkononi, uso umekunjamana.

— Imerudi tena! Mara ya tatu. Mtu wa matbaa ya Mombasa asema nikimpelekea tena ukungu ataitoa kazi yangu kwenye foleni. Mwisho ni adhuhuri.

— Ukungu upi? akauliza Kadhi. Mimi kwenye simu yangu namwona Mwalimu barabara. Hata mimi mwenyewe najiona, yule wa mbele mwenye kaptula.

— Kwenye simu, ami. Simu ni kiganja, bango ni mita tatu. Picha ni nukta, na ukiivuta nukta hazizaani. Zavimba tu. Sasa hivi Mwalimu hana macho, ana vitundu viwili vya kijivu.

Kaingu akatikisa kichwa kama aliyeitwa kukagua kisima.

— Tatizo ni hiyo PDF yako. Umeibana. Faili ni bomba, Kanze. Ukitia bomba la nusu inchi, usitarajie maji ya inchi mbili.

— Sijaibana, Injinia! Nilipoitoa nilichagua ile ya kuchapisha, si ile ya kutuma kwa barua pepe. Nimeizuia isipunguze picha hata chembe. Lakini PDF ni sahani tu. Mkinipakulia kijiko kimoja cha wali, sahani itawashibisha vipi? Kadi ndogo yataka nukta mia tatu kwa kila inchi. Bango kama hili, hata mia zatosha. Picha mliyonipa ina tano.

— Mia tano? akauliza Ziro.

— Tano. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

— Basi ongeza. Andika elfu tatu tuishe maneno. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba ya kutoka wapi, Bando? Nikiandika elfu tatu, komputa itazibuni. Itamtia Mwalimu mashavu ya mtu mwingine.

— Mashavu si hoja, bora yawe mawili.

Kanze alishika kiuno. Alitamani kuwapigia kelele, na angewapigia, lau si kwamba Kadhi ni rika la baba yake mdogo na kwao mtu hapigiwi kelele akiwa na kikombe mkononi.

Kadhi akasafisha koo. Hukumu ilikuwa njiani.

— Nisikizeni. Faili latoka hapa zima. Lapita Kilifi zima. Likifika Kikambala, wageni wote hotelini wanatazama sinema kwa wakati mmoja. Mtandao wazidiwa, nukta zadondoka njiani. Mombasa zafika tano. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Ulilituma kwa haraka.

— Ami, faili likidondoka halifunguki kabisa. Halifiki nusu.

— Wewe hujui watu, akadakia Kaingu. Nukta zimefika zote. Zimeibiwa. Huu ni msimu wa mabango. Watu wa matbaa wamechukua nukta zetu wakamtilia mheshimiwa fulani, ndiyo maana yule uso wake wang'aa barabarani mpaka wachukiza. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Methali hiyo yahusianaje na matbaa?

— Yahusu kila kitu.

Ziro alikuwa ameweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunuliwa jambo zito.

— Mwenehu, ndugu yetu, mimi naona picha yenyewe yaona haya. Mwalimu hajaambiwa. Picha ikikuzwa pasipo ruhusa ya mwenyewe, hujifunika.

Hapo subira ya Kanze ikakatika.

— Haya, basi nami niulize. Niliwaomba picha ya asili tangu Jumapili. Iliyonifikia ilipitia wapi?

— Ilipita kwa adabu, akajibu Kadhi. Mimi ndiye mkubwa, ikaanza kwangu. Nikaitia fremu ya maua, nikaiweka kwenye stetasi watu waidhinishe.

— Mimi nikaipigia skrinishoti kutoka kwenye stetasi yake, akasema Kaingu, nikakata maua. Yalikuwa mengi.

— Nami nikaipunguza kabla sijakutumia, akamaliza Ziro. Lilikuwa bando la watu. Nisilionee huruma?

Kanze aliwatazama mmoja mmoja. Asubuhi nzima alikuwa amekagua mipangilio, amebadilisha hiki na kile, amejiona yeye ndiye asiyeijua kazi yake. Kumbe picha ilishauawa na kamati kabla haijamfikia, tena kwa kufuata umri.

— Basi nitumie ile ya kwanza, ami. Ile iliyokuja kwako kabla ya maua.

— Ile nimeifuta. Simu ilijaa.

— Assalaam aleikum, ikasema sauti nyuma yao.

Alikuwa Mwalimu Harusi mwenyewe, na buibui lake jeusi na kikapu cha sokoni. Kanze akaficha simu. Wanaume watatu wa makamo wakasimama kwa pamoja, kahawa ikamwagika.

— Shikamoo, Mwalimu!

— Marahaba. Kaeni. Sikuja kukaa. Mjukuu wangu aniambia ninyi mna jambo langu la Jumamosi, na mimi sitaki kulijua. Akahamisha kikapu mkono wa pili. Ila aniambia pia aliitoa picha yangu kwenye fremu ya sebuleni akakupa wewe, Abdulqadir. Ile ya karatasi. Marehemu mume wangu ndiye aliyeipiga, na sina nyingine. Nyumba ilipovuja zote zilikwenda. Iko kwa nani?

Kanze akaelewa: Kadhi aliipiga picha hiyo kwa simu, nayo ndiyo waliyotumiana. Ya karatasi! Siku nne alikuwa akiomba picha ya asili, nao wakidhani asili ni ile ya simuni, na yeye hakuwahi kuuliza kama kuna ya mkononi. Mashine ya kunakili picha kwenye komputa ilikuwa mezani pake, hatua tatu tu. Ingemtosha dakika moja, na Mwalimu angekuwa na macho, na kope, na kila mtoto wa darasa lile angekuwa na uso wake.

Kadhi alimgeukia Kaingu. Kaingu akamgeukia Ziro. Ziro akapapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali, kisha akamtazama Kadhi.

— Mimi nilikupa wewe, Injinia, akasema Kadhi kwa sauti ndogo.

— Nami nikampa Bando aione.

— Nikakurudishia wewe, Kadhi. Hapa hapa benchini. Au sikukurudishia?

Muuza kahawa aliyekuja kuwajazia tena alisimamisha dele, birika lake, hewani asimimine. Simu ya Kanze ikaanza kulia, namba ya Mombasa, na hakuipokea.

— Nauliza tena, akasema Mwalimu Harusi, polepole, akiwatazama wote wanne. Iko kwa nani?