Namba Tatu wa Kitale: Wasifu wa Hiram Ngige Mbogo, 1952–2025

Huyu tunayemzika leo hapa Kiminini, Jumamosi tarehe 27 Septemba 2025, alizaliwa tarehe 11 Januari 1952 huko Othaya, Nyeri. Alikuwa mtoto wa tatu na mvulana wa kwanza wa Mzee Mbogo Ngige na mkewe Nyambu, ambao wote wametangulia. Mwaka wa 1965 wazazi wake walipata shamba huku Trans Nzoia, na familia ikahama kwa lori ikiwa na mbuzi wanne na cherehani moja. Marehemu alipenda kusema kwamba mbuzi ndio walioipenda Kitale kwanza. Yeye ilimchukua mwaka mzima, mpaka alipogundua kwamba vijana wa huku walikuwa na mpira wa ngozi.

Alisoma shule ya msingi hapa karibu na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1968, kisha akajiunga na sekondari mjini Kitale. Alikomea kidato cha pili, Novemba 1970, babake alipofariki na shamba likabaki bila mtu. Ripoti zake mbili bado ziko kwenye sanduku la mama yetu. Zinasema tabia yake ilikuwa njema na hesabu zake za wastani, na katika moja mwalimu ameongeza kwa wino mwekundu kwamba kijana huyu hukimbia mno. Hatujui mpaka leo kama hiyo ilikuwa sifa au lawama.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliandikwa kazi katika kiwanda cha maziwa mjini Kitale, kitengo cha kupima maziwa, na humo alidumu hadi kiwanda kilipofungwa mwaka wa 1996. Baada ya hapo alirudi kwa mahindi yake na ng'ombe wake. Lakini watu wa rika lake hawamkumbuki kwa maziwa. Wanamkumbuka kama beki wa kushoto, jezi namba tatu, katika timu ya kiwanda. Kila sikukuu ya Madaraka, kuanzia 1973 hadi 1978, timu hiyo ilikutana na timu ya wafanyakazi wa reli ya Bungoma, mwaka mmoja huku, mwaka mwingine kule. Winga wa kulia wa Bungoma alikuwa Patrick Nyongesa, jezi namba saba. Kwa hiyo kwa miaka sita watu hawa wawili walikuwa na kazi moja: Nyongesa kupita, na Marehemu kumzuia.

Hawakuwahi kuitana kwa majina. Mmoja alikuwa Saba na mwingine Namba Tatu, uwanjani na hata nje ya uwanja. Mwaka wa 1976, mjini Bungoma, Marehemu alimkata Nyongesa kwenye kifundo cha mguu wa kulia mpaka refa mwenyewe akashika kichwa. Machela haikuwepo. Marehemu alimbeba Nyongesa mgongoni kutoka uwanjani hadi hospitalini, jezi ya Kitale chini na ya Bungoma juu, huku mashabiki wa Bungoma wakimfuata nyuma na kumtukana njia nzima. Yule wa mgongoni ndiye aliyegeuka na kuwaambia wanyamaze. Tangu siku hiyo, kila walipopangwa kukabiliana tena, Nyongesa alipomwona tu Marehemu aliuvuta nyuma mguu wake mwenyewe wa kulia, na wote wawili wakacheka.

Tarehe 17 Desemba 1977 Marehemu alifunga ndoa kanisani mjini Kitale na Gladwell, binti wa Mzee Munene wa Kiminini. Saba alihudhuria. Mama anasimulia kwamba bwana harusi alichelewa dakika ishirini kwa sababu alikuwa nje akimwonyesha mgeni wake mahali ambapo angejenga nyumba. Mungu aliwajalia watoto watatu: Nyambu, Mbogo na Nyaruai, ambaye ndiye anayeusoma wasifu huu. Maisha yakaenda yalivyokwenda. Saba alihamishwa na shirika la reli, barua zikapungua, na kwa zaidi ya miaka thelathini hawakuonana.

Asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024 Marehemu alipatwa na kiharusi akiwa zizini. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, miguu ikaisha nguvu, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Mtu aliyekuwa akimkimbiza winga mstari mzima akawa anasubiri kugeuzwa kitandani. Tulimpeleka kila mahali tulipoelekezwa. Madaktari walisema walichoweza kusema, nasi tukarudi nyumbani naye.

Ni katika hali hiyo barua ilimkuta, Machi mwaka huu. Kamati ya wakongwe wa soka wa Trans Nzoia na Bungoma ilikuwa imeamua kuwatuza wachezaji bora wa zamani, muongo kwa muongo, kwa kuwa enzi zile hakuna aliyetuzwa. Kwa miaka ya sabini hapakuwa na picha za kutosha wala rekodi za kuaminika, basi kamati ikaamua kwamba wapiga kura wawe wachezaji wenyewe walio hai. Walipatikana kumi na watatu. Kila mmoja alitumiwa fomu yenye mstari mmoja tu wa kuandika jina, na haikumkataza mtu kuandika lake.

Tusifichane, Marehemu aliitaka tuzo ile. Hakuwa ametaka kitu tangu augue, hata chakula, lakini hiyo aliitaka. Aliagiza koti lake la kijivu lifuliwe. Alimtuma Mbogo amtafutie kinyozi. Mama alipoketi mezani na kalamu, kwa kuwa mkono wa mzee haukuweza kuandika, alikuwa tayari na jina la mumewe kichwani. Marehemu akamwambia, "Andika Saba."

Mama hakuandika. Alimkumbusha kwamba jina lolote linaruhusiwa.

"Mimi nilimshika miaka sita," Marehemu alisema, na sentensi hiyo ilimchukua muda mrefu kuimaliza. "Hakuna mtu anajua yeye kuliko mimi. Andika, Mama Nyambu. Yeye ataandika mimi."

Mama akaandika Patrick Nyongesa, akamshika mzee kidole gumba akakibonyeza kwenye wino. Anasema hakuna barua iliyowahi kumuuma mkono namna ile. Kalamu ilikuwa yake na fomu ilikuwa mbele yake, lakini mzee alikuwa anamtazama, na hangeweza kumdanganya mtu asiyeweza kuinuka kumzuia.

Tuzo zilitolewa Bungoma, Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025. Tulimpeleka kwa kiti cha magurudumu, na koti lake la kijivu. Mwenyekiti wa kamati alisoma hesabu bila kutaja nani alimpigia nani: Nyongesa sita, Mbogo tano, na mwingine mbili. Ukumbi ulipiga makofi. Marehemu naye alipiga, kwa mkono wake mmoja, juu ya goti.

Kisha Mzee Nyongesa akaletwa na mwanawe, ameshika kombe kama mtu aliyeombwa kumshikia mwingine mzigo. Mshereheshaji akasema huyu hapa ni mpinzani wako wa zamani, Mzee Hiram Mbogo wa Kitale. Mzee Nyongesa akampa mkono kwa heshima zote. "Karibu mzee," alisema. "Umetoka mbali?"

Kwa nini hakuna aliyetuambia kwamba kumbukumbu zilikuwa zimemwondoka Mzee Nyongesa, hatujui. Pengine jamaa zake walikuwa wamechoka kulieleza. Marehemu alifungua mdomo, na neno halikutoka. Alijaribu tena. Watu walikuwa wanapiga picha, na wengine walikuwa wanangoja zamu, na Mzee Nyongesa akaongozwa kwenda kwenye kiti chake. Mama anasema jina "Namba Tatu" lilikuwa kwenye ulimi wake. Alilizuia kwa sababu alidhani Mzee Nyongesa amekuwa mtu wa maringo. Hilo atakaa nalo.

Tulirudi hadi Kiminini. Hapo Marehemu aliuliza, "Kura moja. Saba aliandika nani?" Mama alimjibu kwamba bila shaka alimwandika yeye. Mzee akageuza uso. Aliuliza tena kesho yake, na wiki iliyofuata, na mama akampa jibu lile lile. Mapema Septemba homa ya mapafu ilimwingia. Alilazwa Kitale tarehe 12, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, mama akiwa amemshika ule mkono uliokuwa bado unasikia, alituacha.

Jumanne iliyopita mwana wa Mzee Nyongesa alimleta babake matangani. Alimwomba mama faragha, akamwambia jambo ambalo ametukubalia tuliseme hapa. Ni yeye aliyejaza fomu ya babake. Alipomsomea swali, baba alijibu papo hapo: "Namba Tatu wa Kitale." Aliulizwa jina, akasema hilo ndilo jina. Kijana hakumjua mtu huyo na hakuwa na wa kumuuliza, na fomu ilikuwa inatakiwa kesho yake. "Mama, niliandika baba," alisema. "Nilifikiria amechanganyikiwa."

Kaka yetu Mbogo aliipigia kamati simu jioni hiyo. Walimsikiliza vizuri, wakatupa pole, wakasema matokeo yalishatangazwa. Hatuna ugomvi nao. Tungetaka tu kumwambia mzee, na hilo haliwezekani tena.

Mama alitoka faragha akaenda kuketi kando ya Mzee Nyongesa, aliyekuwa anauliza hii ni shughuli ya nani. Akaambiwa ni Hiram Mbogo amefariki, akasema pole sana kwa familia. Ndipo mama akamwambia, "Ni Namba Tatu amekufa." Mzee alivuta mguu wake wa kulia chini ya kiti, haraka, kabla hajafikiria. Kisha akalielewa lile neno, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja kuona.

Marehemu ameacha mjane, Gladwell, watoto wake Nyambu, Mbogo na Nyaruai, wajukuu saba, na dada mmoja, Bi. Jerusha wa Othaya. Ameacha pia Mzee Patrick Nyongesa, ambaye tumemwomba aketi leo pamoja na familia. Tangu Jumanne yuko nasi, na hadi tunachapisha karatasi hizi ameuliza mara nne ni nani amekufa. Mara nne ameambiwa, na kila mara amevuta mguu kwanza, kisha akalia kama ambaye ndiyo kwanza anasikia. Tulimuuliza mama kama si afadhali tuache kumwambia. Mama alisema aambiwe kila atakapouliza, maana mzee wetu aliingoja sana siku ya kukumbukwa naye.

Lala kwa amani, Namba Tatu. Saba amekuja.