Ngusa Jilala na Mfumo Uliokuwa Wazi kwa Wote

Tarehe 30 Juni mwaka huu Ndugu Ngusa Jilala, ambaye wengi wetu tunamwita Baba Goodness, anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha afya kwa miaka ishirini na saba. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wa kuchangamsha. Nimejitahidi. Mwenyewe alipojua kwamba ninaandika aliniomba jambo moja tu, kwamba nisimwache Masalu nje.

Alikuja hapa akiwa fundi redio mwenye kibanda chake mtaa wa Kambarage. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, akaitwa yeye kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kuifungua. Baadaye kituo kilimpeleka chuoni Mwanza, akarudi na cheti pamoja na pampu ya baiskeli. Kiangazi vumbi la Shinyanga linapojaza mashine, utamkuta amepiga magoti chini ya meza anapuliza, huku wagonjwa wakishangaa tairi iko wapi.

Kazi yake kubwa ilikuwa mfumo wa taarifa za wagonjwa. Aliujenga ili daktari akifungua kompyuta yoyote ya kituo aone vipimo vya mgonjwa papo hapo, bila mtu kukimbia maabara. Tulifurahi sana. Tatizo ni kwamba mfumo haukuuliza wewe ni nani. Daktari, mlinzi, mfagizi, kila aliyekaa mbele ya kompyuta aliona yote. Ngusa alilisema hilo kwenye vikao, akaomba muda na mtaalamu mmoja wa kumsaidia. Dkt. Agapiti, mganga wetu mfawidhi wa wakati huo, hakuwa mtu mbaya. Foleni ilikuwa inafika nje ya geti, na alihofia kuongeza hatua nyingine. Alimjibu kwamba mfumo ufanye kazi kwanza, kufuli zitafuata.

Masalu alikuwa mchimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo, kijana mwenye mke na watoto. Alikuja akiwa na kikohozi kisichoisha, akapimwa, akakutwa na kifua kikuu. Ugonjwa huo unatibika, na alianza dawa siku ileile. Lakini mfanyakazi mmoja wa mapokezi, ndugu wa mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, alimokuwa akichimba Masalu, alisoma majibu kwenye kompyuta ya mapokezi na kumpigia simu ndugu yake. Masalu alipofika Mwakitolyo alikuta nguo zake zimetolewa nje ya kambi. Hakuna aliyekubali tena kushuka naye shimoni. Alipokosa kuja kuchukua dawa, Ngusa alipanda pikipiki kumfuata, ingawa hiyo haikuwa kazi yake. Masalu alimwamkia vizuri, akampa kiti, kisha akamwambia:

“Mzee, dawa naitaka. Ila kwenu nikikohoa, huku wanasikia.”

Ngusa alimwomba samahani, akajitolea kumletea dawa mwenyewe. Alimpelekea kwa muda. Kisha Masalu akahama kwenda machimbo ya Geita bila kuaga, na dawa akaziacha. Habari za kifo chake zilitufikia mvua zilipoanza. Mfanyakazi wa mapokezi alifukuzwa, na sasa Ngusa akapewa ruhusa ya kuweka kufuli, aliyoiomba tangu mwanzo.

Aliianza kazi ile mara moja. Kila mfanyakazi alipata akaunti yake na nywila yake. Mapokezi wakabaki kuona jina la mgonjwa na siku ya kurudi. Maabara wanaingiza majibu, daktari anaona wagonjwa wake, mwuguzi wa dawa anaona dawa. Kila anayefungua jalada, mfumo unaweka kumbukumbu kwamba ni yeye. Foleni ilirefuka kweli, kama Dkt. Agapiti alivyohofia, na watu walinung'unika. Kwa kuwa sisi huku mtu huitwa kwa jina la mwanawe, nusu ya nywila za kituo zilijulikana kabla ya chai ya saa nne. Mama Blessing wa dirisha la dawa aliamriwa abadilishe ya kwake, akaweka jina la mtoto wa pili. Tulicheka. Ngusa hakucheka, akaketi naye mpaka akapata nyingine. Daktari aliyewapa mapokezi nywila yake alifungiwa akaunti siku hiyohiyo, naye hakusalimiana na Ngusa kwa muda mrefu.

Mfumo ukatulia. Wageni kutoka Kahama wakaja kuutazama, wakausifu. Lakini wachimbaji wa Mwakitolyo hawakurudi. Huko tulikuwa tumeshapewa jina: wale wanaosoma watu.

Mwaka jana nilifuatana na Ngusa kwenda kuwaeleza. Tulimkuta Mbuke, mjane wa Masalu, anaponda mawe ya dhahabu, naye anakohoa. Ngusa alichuchumaa karibu naye, akamweleza kwa Kisukuma taratibu zote mpya. Mbuke alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole:

“Sasa wanaoweza kuona ni wangapi, baba?”

Akamjibu kwamba ni watatu, anayempima maabara, daktari na mwuguzi wa dawa.

“Na wakati wa Masalu?”

“Wote,” alisema Ngusa.

Mbuke aliokota nyundo yake akaendelea kuponda. 

Tumerudi kwa Mbuke mara kadhaa. Hadi ninapoandika haya hajaja kupimwa. Wiki iliyopita Ngusa alimkabidhi kazi Herman, anayeshika nafasi yake, kisha akafuta akaunti yake mwenyewe, kwa kuwa kanuni aliyoiandika inasema anayeondoka haachiwi ruhusa. Kabla ya kuifuta alimwomba Herman kitu kimoja: Mbuke akija, ampigie yeye Ngusa simu amwambie tu kwamba amekuja, asimwambie majibu.

Baba Goodness, tunakushukuru kwa yote uliyotufanyia, na kwa yale uliyotuomba tukachelewa kukusikia. Nenda ukapumzike salama na familia yako. Simu yako usiizime.

Lukresia Mwigulu
Maabara